Miti ya Kusitiri Nyumba za Vilimani

Msomaji mpenzi, leo nakualika tufunge safari ya mbali. Nauli hulipi, wala huna haja ya kufunga mizigo. Keti hapo barazani, watoto wasogee karibu, na yule anayesoma vizuri kuliko wenzake asome kwa sauti. Tunakwenda California, jimbo la Marekani lililo kando ya bahari kuu ya Pasifiki. Hatuendi kutazama majumba marefu wala sinema. Tunakwenda kutazama miti: miti iliyopandwa kuzunguka nyumba za vilimani, na sheria zinazowaambia wenye nyumba wapande nini, wapi, na kwa sababu gani.

Labda utasema, "Miti hata kwetu ipo, ya nini kuifuata ng'ambo?" Ni kweli, ipo. Tena mmoja wa miti utakayoiona huko unaujua vizuri sana, maana umesimama nyuma ya shule na mpakani mwa mashamba. Lakini kwetu nako watu wanajenga vilimani. Tazama Mwanza, tazama Lushoto, tazama miteremko ya Uluguru juu ya Morogoro. Wazee walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Basi twende tukaone jinsi wenzetu walivyonyolewa.

VILIMA VYA OAKLAND

Tuanzie mji wa San Francisco. Tukitoka hapo tunavuka ghuba kwa daraja refu kwenda upande wa mashariki, na mbele yetu tunaiona miji miwili iliyogusana, Oakland na Berkeley. Nyuma ya miji hiyo vimesimama vilima kama ukuta. Nyumba zimepanda ubavuni mwa vilima hivyo, moja juu ya nyingine, na barabara zake ni nyembamba, tena zimejipinda kama nyoka. Kwa nini watu wapande kote huko? Kwa sababu aliye juu anaona mbali. Jioni akikaa dirishani anaiona ghuba yote, na jua likizama upande wa baharini. Ndiyo maana kiwanja cha juu hutafutwa sana na wenye fedha.

Zamani vilima hivi havikuwa na msitu mkubwa. Sehemu kubwa ilikuwa nyasi, na mialoni iliota zaidi katika makorongo yenye unyevu. Mwaloni unaujua kwa jina, maana Maandiko yanasema Abrahamu alikaa penye mialoni ya Mamre. Mvua za huko hunyesha wakati wa baridi. Baadaye huja kiangazi kirefu, miezi mitano au sita bila mvua ya maana, na nyasi zote hukauka zikawa rangi ya simba.

Karibu na mwaka 1910 tajiri mmoja mwenye biashara ya ardhi, Bwana Frank Havens, alivitazama vilima hivi akaona viko uchi. Akaajiri watu, akaanzisha vitalu, akapanda miti kwa mamilioni. Mti aliouchagua ulitoka Australia, nao ni mkaratusi. Ndiyo, ule ule unaoujua wewe. Bwana Havens alikuwa na matumaini mawili. La kwanza, miti ikue upesi auze mbao. La pili, kilima kilichovikwa miti kipendeze machoni, na viwanja vipate wanunuzi.

Tumaini la kwanza lilikufa mapema. Mbao za mikaratusi michanga zilijipinda na kupasuka zilipokauka, hata seremala hakuzitaka. Biashara ya mbao ikaanguka, lakini miti ikabaki. Ikarefuka, ikaota maotea, ikafunika vilima. Watu wakajenga nyumba chini yake na katikati yake, wakafurahi, maana sasa kila nyumba ilikuwa na sitara. Jirani hakuona dirisha la jirani, na aliye bondeni akitazama juu hakuona mapaa, aliona msitu.

Je, kuna ubaya gani hapo? Wewe mwenye mkaratusi nyumbani fikiri kidogo. Mti huu hukuangushia nini uani? Hukuangushia magome marefu kama kamba, matawi makavu, na majani ambayo hayaozi upesi. Na majani hayo yana nini? Yana mafuta. Mama akichemsha majani yake ili mtoto mwenye mafua ajifukize, harufu kali unayoisikia ndiyo hayo mafuta. Mwezi wa Desemba 1972 baridi kali ya kugandisha iliua majani na matawi ya mikaratusi mingi ya vilima hivyo, na kuni nyingi zikarundikana chini. Basi kiangazi kikija, vilima vile vilikuwa kama jiko lililopangwa kuni na kusubiri kiberiti.

MOTO WA SIKU YA JUMAPILI

Moto haukuwa mgeni huko. Tarehe 17 Septemba 1923 upepo mkavu kutoka bara ulileta moto katika mji wa Berkeley, ukateketeza nyumba karibu 600 kwa muda wa saa chache. Mwaka 1970 nyumba zaidi ya 30 ziliungua katika vilima hivyo. Kila mara watu walilia, wakajenga tena, wakasahau.

Kisha ukaja mwaka 1991. Siku ya Jumamosi, tarehe 19 Oktoba, nyasi ziliwaka ubavuni mwa kilima. Watu wa zimamoto walikuja wakauzima moto ule, lakini chini ya majani makaa yalibaki. Kesho yake, Jumapili, kama saa tano asubuhi, upepo mkali ulivuma kutoka bara kuelekea baharini, ukayapuliza makaa kama mhunzi apulizavyo mivukuto. Moto ukafufuka. Ukaruka kutoka kichaka hadi mti, kutoka mti hadi paa, na cheche zikachukuliwa na upepo mbele kabisa, zikaanzisha moto mwingine mahali ambapo watu walikuwa hawajajua kuna hatari. Katika saa ya kwanza peke yake nyumba karibu 800 zilishika moto.

Watu wakakimbilia magari. Lakini kumbuka zile barabara nyembamba zilizojipinda kama nyoka. Magari yalizibana, moshi ukafunika, na waliokwama hawakupata njia. Askari polisi mmoja, John Grubensky, alikwenda kuwaongoza watu watoke, naye alikutwa amekufa pamoja na watu aliokuwa akitaka kuwaokoa. Siku ile walikufa watu 25, na nyumba zaidi ya 3,000 ziliteketea.

Baadaye wataalamu walikaa wakauliza: kosa la nani? Wengi walinyosha kidole kwa mikaratusi. Lakini jibu la haki lina mambo mengi. Mapaa mengi yalikuwa ya vigae vya mbao. Nyaya za umeme ziliungua, pampu za kupandisha maji kilimani zikasimama, na mabomba yakakauka. Zimamoto wa miji jirani walikuja mbio kusaidia, lakini midomo ya mipira yao haikulingana na midomo ya mabomba ya Oakland. Na upepo nao haukuwa wa kawaida. Hata leo wenyeji wanabishana. Wengine wanasema, "Ing'oeni mikaratusi yote." Wengine wanajibu, "Nyumba ndizo zilizochoma miti. Tena miti hiyo hukamata ukungu wa baharini na kudondosha maji ardhini."

Sisi wasafiri hatuna haja ya kuamua kesi yao. Jambo moja linaonekana wazi: mti uliopandwa ili uuzwe mbao uliachwa ufanye kazi nyingine ambayo haukuchaguliwa kuifanya, tena hakuna aliyewekwa kuuangalia. Alioupanda alikufa mwaka 1918. Warithi wa kivuli walikuwa wengi, lakini warithi wa kazi hawakuwapo.

Siku hizi sheria ya jimbo inamtaka mwenye nyumba aliye katika sehemu za hatari asafishe futi 100 kuzunguka nyumba yake, yaani kama hatua 40 za mtu mzima, au mpaka mwisho wa kiwanja chake. Haisemi ang'oe kila mti. Inasema apange. Tawi lisikaribie bomba la moshi kwa futi 10. Matawi ya chini yakatwe hadi futi 6 kutoka ardhini, ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia mtini. Na wataalamu wa zimamoto wa jimbo hufundisha kwamba mahali tambarare, kati ya kilele cha mti na cha mti mwingine ziwepo futi 10. Mteremko ukizidi, ziwe futi 20. Na mteremko ukiwa mkali sana, futi 30.

Kwa nini mteremko mkali udai nafasi kubwa? Washa kijiti cha kiberiti ukiinamishe kichwa chini, utaona. Moto hupanda upesi kuliko unavyoteremka. Ukiwa unapanda kilima, ndimi zake huviinamia vilivyo juu, zikavikausha na kuvipasha kabla moto wenyewe haujavifikia. Kwa hiyo nyumba iliyo juu ya kilima hupigwa na moto uliokwisha kupata nguvu.

MJI UNAOTAKA NYUMBA ZISIONEKANE

Sasa tuelekee kusini kwa gari, mwendo wa kama saa moja, tufike karibu na Chuo Kikuu cha Stanford. Hapo kuna mji mdogo uitwao Los Altos Hills. Wenyeji waliuanzisha kisheria mwaka 1956 ili kulinda hali ya shamba katika vilima vyao, maana miji mikubwa ilikuwa inawakaribia. Wakaweka sheria kwamba kiwanja cha nyumba kisipungue eka moja. Halafu wakaweka sheria nyingine ambazo zinaweza kukushangaza.

Tuseme unataka kujenga nyumba mpya huko. Kwanza unasimamisha milingoti mirefu kiwanjani, yenye kamba au nyavu za rangi, kuonyesha nyumba yako itafika wapi na paa litakuwa na kimo gani. Majirani wanakuja, wanatazama, na mwenye neno analisema kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Pili, rangi. Mji hautaki nyumba inayong'aa ubavuni mwa kilima kama bati jipya. Ukuta usirudishe zaidi ya nusu ya mwanga unaoupiga, na paa lisirudishe zaidi ya sehemu 40 katika 100. Tatu, taa za nje zifunikwe zisimulike nyumbani kwa watu.

Nne ndiyo miti. Nyumba ikiisha kusimamishwa mbao zake, hata kabla haijakamilika, unapeleka mpango wa kupanda miti. Kwa nini wanangoja mpaka hapo? Kwa sababu kwenye karatasi kila nyumba ni ndogo. Ikisimama, ndipo jirani anapojua itamzibia nini, na ndipo inapoonekana wazi mti usimame wapi. Na sikiliza jambo hili la busara: sheria haisemi nyumba ifichwe yote. Inasema miti iivunje-vunje sura ya nyumba, ili jicho la aliye barabarani au kwa jirani lisikutane na ukuta mtupu. Mti hapa, kichaka pale, na nyumba inakuwa kama mgeni aliyekaa kwa adabu katikati ya wenyeji.

Lakini jambo lililonipendeza kuliko yote ni la mwisho. Mwenye nyumba anaweka amana ya fedha kwa mji, na fedha hiyo hairudishwi siku ya kupanda. Baada ya miaka miwili mkaguzi anakuja kutazama. Miti ikiwa hai na inaendelea vizuri, anarudishiwa fedha yake. Umeona? Sheria hiyo inajua kwamba kupanda si kazi kubwa. Hata mtoto hupanda. Kazi ni kumwagilia mwaka wa kwanza, kupalilia mwaka wa pili, na kufukuza mbuzi kila siku.

Na je, mwenye nyumba apande mti gani huko? Mwaloni mkubwa ulio kiwanjani haukatwi bila ruhusa. Na ule mkaratusi wa Bwana Havens? Mji umegeuza mambo kabisa: anayejenga nyumba mpya hutakiwa kuiondoa mikaratusi ya aina zilizotajwa ikiwa iko karibu na nyumba au barabara, kwa sababu ya moto na kwa sababu huangusha matawi mazito. Mti ulioletwa kupamba vilima sasa unaamriwa utoke uani.

MTI WA JIRANI NA MACHO YA JIRANI

Twende mbele zaidi kusini, mwendo wa siku nzima kwa gari, hata tuupite mji wa Los Angeles na kufika kwenye rasi ya Palos Verdes. Hapa vilima vimeingia mpaka baharini, na mji wake mmoja unaitwa Rancho Palos Verdes. Hapa tunaukuta ugomvi wa namna nyingine.

Mtu mmoja alipanda miti ajisitiri. Miti ikakua. Jirani aliye juu yake, aliyenunua nyumba kwa bei kubwa ili aone bahari, siku moja akafungua dirisha akaona majani. Nani mwenye haki? Huyu wa chini anataka sitara, yule wa juu anataka mandhari. Kesi zikawa nyingi mpaka mwaka 1989 wananchi wakapiga kura, wakapitisha sheria: mti unaoziba mandhari ya jirani unaweza kuamriwa upunguzwe hadi futi 16, au hadi usawa wa paa la nyumba, kwa kufuata kipimo kilicho kifupi.

Basi linganisha. Mji mmoja unamwambia mwenye nyumba, "Panda, usionekane." Mji mwingine unamwambia, "Punguza, umemzibia mwenzako." Vyote viwili ni sheria za nchi moja, jimbo moja, na pengine kila mmoja una sababu yake. Kilimani hakuna mti wa mtu mmoja peke yake. Ukiupanda, umempandia na jirani, apende asipende.

ARDHI INAYOTEMBEA

Hapo hapo Rancho Palos Verdes kuna kijisehemu kiitwacho Portuguese Bend. Usiondoke kabla hujapaona. Mwaka 1956 wakati wa kujenga barabara juu ya kilima, ardhi ilianza kutembea. Haikuporomoka kwa kishindo. Ilitembea pole pole kuelekea baharini, na nyumba zaidi ya 100 ziliharibika. Chini ya vilima hivyo kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Maji ya mvua, pamoja na maji ya vyoo na ya kumwagilia bustani, yalizama mpaka kwenye tabaka hilo.

Mwaka 1978 mji ulizuia ujenzi mpya katika sehemu hiyo. Wakachimba visima, si vya kunywa, bali vya kuyatoa maji ardhini. Mambo yakatulia kidogo. Kisha zikaja mvua kubwa za mwaka 2023 na 2024, ardhi ikaongeza mwendo, na mahali pengine ilisogea kiasi cha futi moja kwa juma. Umeme na gesi vikakatwa katika nyumba nyingi. Kulikuwa na kanisa dogo la vioo, lililojengwa mwaka 1951, ambalo watu wengi walilipenda. Miti mirefu ilikuwa imepandwa kulizunguka iwe kama kuta zake. Mwaka 2024 lilifungwa, kisha likabomolewa kipande kwa kipande, vipande vikahifadhiwa ili lijengwe tena mahali salama.

Hapa miti ilikuwapo. Kwa nini haikuzuia? Kwa sababu mizizi ina kipimo chake. Mizizi mingi ya mti hukaa karibu na uso wa ardhi, mita moja au mbili tu. Huko juu inafanya kazi nzuri: inashika udongo usichukuliwe na mvua, inanywa maji, inavunja nguvu ya matone. Lakini kilima kikiwa kimekatika chini kabisa, mti unasafiri pamoja nacho kama abiria ndani ya basi. Hata sisi tumeonja uchungu wa ardhi kuondoka. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua, matope na mawe yakashuka Katesh, na watu zaidi ya 80 walikufa. Mungu awape pumziko la milele. Mlima ule una msitu. Basi asikudanganye mtu kwamba miche kumi nyuma ya nyumba inatosha kumlinda aliyejenga mahali pabaya.

TURUDI NYUMBANI

Sasa tumerudi barazani. Chai bado ya moto? Basi tuzungumze ya kwetu.

Mkaratusi ulitufikia sisi kwa njia inayofanana na ile ya California. Huko Kenya uliletwa tangu mwaka 1902 ili kupata kuni za magari moshi ya reli. Ulipendwa kwa sababu unakua upesi, na mpaka leo unatupa nguzo, boriti na kuni. Si mti wa kutukanwa. Lakini ni mti wa shamba la miti, si wa ukutani. Ukiuweka hatua tatu kutoka nyumba yenye paa la nyasi, halafu jirani akachoma shamba lake mwezi wa Septemba na upepo ukageuka, utasema nini? Na ukiuweka penye chemchemi, unanywa maji ambayo wanao wangekunywa. Sheria yetu ya Tanzania ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ziwa. Usiione kuwa ni sheria ya kukunyima ardhi. Inalinda ndoo ya mama.

Wewe uliye na kiwanja cha mteremko, au unayetaka kukinunua, fanya hivi.

Kwanza, kabla ya mti tazama ardhi. Waulize wazee kama mahali hapo pamewahi kumeguka. Tazama kama miti ya zamani imeinama upande mmoja, kama kuna nyufa, kama maji yanatoka ubavuni mwa kilima baada ya mvua. Ukiona hayo, tafuta mahali pengine. Hakuna mti utakaokuokoa.

Pili, ongoza maji. Bati likimwaga maji nyuma ya nyumba kila mvua, mteremko unalowa na kulegea. Chimba mfereji, au kusanya maji ya paa kwenye pipa na tangi. Choo kisiwe juu ya nyumba ya jirani.

Tatu, panda kwa kazi. Jiulize: mti huu nauomba nini? Ukitaka kushika udongo wa juu, anza na majani yenye mizizi mingi, kama guatemala au vetiva, kwa mistari inayofuata usawa wa kilima, ndipo ufuate na miti. Ukitaka kivuli na sitara, chagua mti usioangusha matawi mazito, nawe uupunguze matawi ya chini. Migrevilea na miti ya matunda inaweza kukusitiri na kukufaa jikoni pia. Ukitaka boriti na kuni, panda mkaratusi wako mbali na nyumba, mbali na maji. Usitake mti mmoja ufanye kazi zote. Hata mtu hawezi.

Nne, zungumza na jirani. Hatuna milingoti yenye nyavu za rangi, lakini kamba na vijiti tunavyo. Kabla ya kujenga au kupanda mpakani, mwite aone. Maneno ya dakika kumi leo yatakuokoa na baraza la kata miaka kumi ijayo.

Tano, jiwekee ile amana ya miaka miwili. Huna haja ya kupeleka fedha mahali popote. Mpe kila mtoto miche yake miwili, na Krismasi ya mwaka wa pili ikaguliwe. Ambaye miche yake ni hai, apewe zawadi mliyoahidi. Mara nyingi twahesabu miche tuliyopanda, twapigwa picha, twaenda zetu, na mwezi wa nane mbuzi anamaliza hesabu.

Msomaji mpenzi, wenzetu wa California ni matajiri. Wana magari ya zimamoto, wana wataalamu, wana sheria zilizoandikwa vizuri. Hata hivyo walipanda kwanza, wakafikiri baadaye, na gharama yake ilikuwa watu 25 kwa siku moja ya Jumapili. Sisi tungali na nafasi. Vilima vyetu vingi ndiyo kwanza vinaanza kupata nyumba, na miche bado iko kitaluni. Jioni hii toka nje, tazama mteremko ulio nyuma ya nyumba yako, na mti ulio karibu kuliko yote na paa lako. Uulize umesimama hapo kwa kazi gani. Kama hujui jibu, muulize mzee, au muulize bwana misitu, kabla mvua hazijaanza.

Kwaheri, mpaka safari nyingine.